SOMO: KUCHAGUA TERMINALI YA LINUX



Siku hizi tunasikia mabishano mbele ya ordinatere: huyu anasifu terminali yake, yule anacheka xterm kwa sababu ni ya zamani. Tuangalie jambo hili polepole.

1. Terminali ni nini? Zamani ilikuwa chombo kizima, kioo na klavie, kilichofungwa kwa waya kwenye ordinatere kubwa. Kampuni Digital ya Marekani ilitoa chombo VT100 mwaka 1978. Leo terminali ni programu tu, inaiga chombo kile ndani ya dirisha. Ukiandika ls, bash ndiyo inapokea amri na kuifanya. Terminali inapeleka herufi na kuonyesha jibu. Basi, mwenye dirisha la kupendeza hana amri moja zaidi kupita mwenzake.

2. Tuchague namna gani?
a) Tuangalie mashini. Alacritty na kitty zinachora maandishi kwa nguvu ya kadi ya picha. Kwa mashini mpya iko mbio sana. Kwa mashini ya kizee inaweza kukataa hata kufunguka. xterm, iliyoanza mwaka 1984, haiombi nguvu ile.
b) Tuangalie kazi. Anayetaka kurasa mbalimbali ndani ya dirisha moja atazipata katika Konsole, GNOME Terminal ao xfce4-terminal. xterm na Alacritty hazina.
c) Tuangalie mistari iliyopita. xterm, kama haukuigeuza, inachunga mistari 1024 tu. Jibu likiwa refu kupita hapo, mwanzo wake unapotea.

3. Angalisho! Mwenzetu mmoja alitaka kunakili maneno, akafinya Ctrl+C. Programu yake iliyokuwa inahesabu tangu asubuhi ikakatika palepale. Tulimuhurumia, lakini kosa halikuwa la mashini: ndani ya terminali Ctrl+C ni amri ya kusimamisha. Katika Konsole, GNOME Terminal na xfce4-terminal, kunakili ni Ctrl+Shift+C, kubandika ni Ctrl+Shift+V. Katika xterm, pitisha panya juu ya maneno, kisha finya kifungo cha katikati pale unapotaka kuyaweka.

Shauri letu: kwa mashini ya kizee, xterm ao xfce4-terminal inatosha. Tusibishane juu ya dirisha, tujifunze amri.

Zoezi: Fungua terminali mbili tofauti, andika ls katika kila moja. Majibu yanaachana? Eleza sababu.