Kutoka Nakivale Hadi Kwenye Rada: Vidokezo kwa Vijana wa Hesabu

Rada hurusha wimbi, ikangoja mwangwi wake, kisha ikautambua katikati ya kelele. Hatua hiyo ya tatu, uchakataji wa mawimbi, ndiyo inayowalipa wahandisi wengi wa ulinzi wa anga duniani, na hufanyika kwenye kompyuta. Kwa hiyo kijana wa Juru, Rubondo au Base Camp, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mwenye kichwa cha hesabu ana pa kuanzia.

1. Ukifika kidato cha tano (S.5), chukua PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Bila Fizikia na Hisabati milango ya uhandisi itakuwa migumu kufunguka. Jipime na swali hili: wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa umbali wa kilomita 60, mwangwi utarudi baada ya muda gani? Jibu ni mikrosekunde 400, kwenda na kurudi. Sasa ongeza ugumu: ukitaka kuiona ndege ileile ikiwa mbali mara mbili, nguvu ya kurushia lazima iongezeke mara 16, kwa sababu wimbi hufifia likienda na hufifia tena likirudi. Ndiyo maana mhandisi anayejua kuchomoa mwangwi dhaifu kwenye kelele anatafutwa sana. Kama maswali haya yanakunyima usingizi kwa raha, uko kwenye njia sahihi.

2. Shughulikia vyeti mapema. Waliomaliza sekondari Kongo na kupata cheti cha D6 wanahitaji cheti hicho kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, kabla chuo hakijawapokea. Shahada za nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Usisubiri hadi wiki ya mwisho ya maombi.

3. Chuo kipo karibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinafundisha uhandisi wa umeme na elektroniki. Kwa ada, fuatilia ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, kwa hiyo alama zako ndizo zitakazokutetea.

4. Jifunze kwa mikono. Hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu nyingi zaidi. Kuna kifaa cha USB kiitwacho RTL-SDR, kilichotengenezwa awali kwa ajili ya televisheni, ambacho tangu mwaka 2012 wapenzi wa redio wamekigeuza kuwa kipokezi cha masafa mengi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na vifaa vya maabara, na kikundi cha marafiki kinaweza kuchanga kukinunua. Kata waya wa shaba wa sentimita 6.9, ambayo ni robo ya wimbi la megahezi 1090. Uunganishe na kifaa hicho kama antena, uusimamishe wima mahali pa wazi, kisha washa programu ya bure iitwayo dump1090. Mistari itaanza kupanda kwenye skrini: namba ya ndege, kimo, mwendo, mahali ilipo. Ndege yenyewe ndiyo inayojitangaza, kwa hiyo huo si mwangwi, lakini umeshaanza kutenganisha ujumbe na kelele. Ukiwa na intaneti nzuri mjini Mbarara, pakua pia masomo ya bure ya rada ya Maabara ya Lincoln ya MIT, uyabebe kwenye flashi ukayasome makazini. Mojawapo, la mwaka 2011, linaonyesha jinsi ya kutengeneza rada ndogo kwa makopo mawili, moja la kurusha na moja la kupokea.

Tahadhari: kupokea na kurusha ni mambo mawili. Kurusha kunasimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kwa hiyo usiguse bila ruhusa. Na kabla antena haijapanda juu ya bati, mweleze mwenyekiti wa kijiji na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Watu waliokimbia vita wana haki ya kujua waya ule ni wa nini.

5. Elewa suala la uraia. Jeshi la Uganda, UPDF, huandikisha raia, na kambi ya Makenke pale Mbarara haitakuajiri ukiwa mkimbizi. Lakini ziko habari ambazo wengi hawazijui: sheria ya Marekani inayodhibiti teknolojia ya kijeshi, ITAR, inamhesabu mkimbizi aliyepokelewa kisheria nchini humo pamoja na raia. Anaweza kugusa michoro ya rada. Kinachomzuia ni kibali cha siri za serikali, ambacho kwa kawaida hutolewa kwa raia tu, na uraia huombwa baada ya miaka 5. Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi Januari 2025, kwa hiyo usiijenge ndoto yako yote juu ya njia hiyo.

6. Jifunze kusoma mikataba. Tanzania ilinunua rada ya BAE Systems kwa pauni milioni 28 katika mkataba ulioidhinishwa na Uingereza mwaka 2001, huku wakosoaji wakisema ni ghali kupita mahitaji ya nchi. Mwaka 2010, kutokana na mkataba huo, kampuni hiyo ilikubali kulipa karibu pauni milioni 30 kwa manufaa ya Watanzania. Taifa lenye wahandisi wanaoweza kuuliza "masafa gani, umbali gani, kwa nini bei hii?" haliuziwi kirahisi.

7. Soma mawimbi kwa upana. Mashine ya ultrasaundi hutuma mpigo, hupokea mwangwi na hupima mwendo wa damu kwa kanuni ya Doppler, ileile inayopima mwendo wa ndege. Rada za mvua hufanya vivyo hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi, kwa hiyo unapotafuta mazoezi ya vitendo, peleka maombi kwa mafundi wa vifaa vya hospitali na kwa kampuni za simu pia.