Unga wa Mwani Si Dawa ya Rovu

Kijitabu cha elimu kwa wakaaji wa Uvira, Kalundu, Makobola, Kiliba na pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika

Malalamiko yamekuwa mengi. Unga na vidonge vya mwani wa bahari vinapitishwa sokoni na kutangazwa kwenye simu, vikisifiwa kwamba vinayeyusha rovu, vinasafisha damu na kumwongezea mama mjamzito nguvu. Wanaokuja kulalamika wanasimulia jambo moja: walilipa, wakanywa, kisha moyo ukaanza kwenda mbio.

Kwa hiyo tunaanza na agizo. Mwenye rovu asinywe mwani. Asinywe kidogo wala kwa majaribio, hata kama jirani yake alikunywa na hakuona kitu. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha naye asinywe. Ukisoma hapa tu na kukiweka kijitabu chini, umeshapata kilicho kikubwa.

Mwani wenyewe ni kitu gani

Mwani huota baharini. Ziwa letu ni la maji yasiyo na chumvi, na ule ukijani unaoteleza juu ya mawe ya Kalundu sio unaouzwa kwenye pakiti. Ndugu zetu wa Zanzibar wanaujua vizuri: huko Paje na Jambiani akina mama wanaulima kwa vigingi na kamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa husafirishwa nje. Viwanda huukamua karajinani, kitu cha kukifanya chakula kiwe kizito, kinachoandikwa E407 kwenye baadhi ya maziwa ya pakiti, aiskrimu na soseji. Kwa hiyo huenda umeshakula kitu kilichotoka kwenye mwani bila kujua. Hilo lisikutishe. Kinachotiwa humo ni kidogo, na sicho tunachokiogopa.

Tunachokiogopa ni mwani mzima uliosagwa, kwa sababu ya iodini iliyomo.

Kipimo ndicho kinachoponya au kuumiza

Tezi iliyo shingoni haiwezi kufanya kazi bila iodini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukikusanya iodini yote ambayo mtu anaihitaji tangu kuzaliwa hadi uzee, haijazi kijiko cha chai.

Sasa tazama unga ule. Gramu moja tu ya mwani wa kahawia uitwao kombu inaweza kuwa na zaidi ya maikrogramu 1,000. Mwani wa aina nyingine una kidogo sana. Pakiti nyingi hazisemi ni mwani gani, ulivunwa wapi, wala una iodini kiasi gani. Muuzaji anakuambia vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na yeye mwenyewe hajui anakupa nini. Tena kuna hijiki, mwani mweusi wenye sumu ya aseniki, ambao Uingereza imewashauri raia wake wasiule kabisa. Ukishasagwa, nani atautambua?

Kwa mwenye rovu la miaka mingi hatari ni kubwa zaidi. Tezi iliyokosa iodini muda mrefu huota vinundu, na vinundu hivyo huzoea kujifanyia kazi bila kufuata amri ya mwili. Iodini nyingi ikiingia ghafla, vinatengeneza homoni kupita kiasi. Mikono inatetemeka, jasho linatoka hata kwenye baridi, usingizi unakimbia, mtu anakonda huku anakula vizuri. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kufa.

Haya hatukuyatoa mbali. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa wa hapa hapa Kivu ambao tezi zao zilizidisha kazi baada ya iodini kuingia katika chumvi ya nchi. Na ile ilikuwa chumvi, ambayo iodini yake ni kidogo. Mwenye kumeza unga wa mwani kwa vijiko anajitafutia nini?

Kuhusu mimba: Japani, ambako mwani ni chakula cha kila siku, madaktari wameandika juu ya watoto wachanga waliozaliwa tezi zao zikiwa zimelegea kwa sababu mama alikula mwani mwingi mno. Tezi ikilegea utotoni, akili na kimo cha mtoto huchelewa.

Tunarudia: mwenye rovu asinywe mwani. Mjamzito asinywe mwani.

Chumvi msiiache

Asitokee mtu akasema tumekataza iodini. Wagonjwa wale wa Kivu walikuwa wachache. Waliookolewa na chumvi yenye iodini ni wengi mno, na tunajivunia kazi hiyo bila aibu. Wazee wanakumbuka shingo zilivyokuwa milimani, ambako mvua imeosha iodini ardhini. Samaki wetu, ndagala na mikeke, ni chakula bora, lakini hawana iodini kama samaki wa baharini. Wala chumvi haina ya kutosha kwa asili yake, iwe ya bahari au ya chemchemi kama ile ya Uvinza, ambayo imevuka ziwa hili kwa biashara tangu zamani. Lazima itiwe kiwandani.

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini. Ile inayomwagwa kwenye gunia wazi, jua likiipiga mchana kutwa na mvua ikiilowesha, inapoteza iodini. Nyumbani iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko, na uitie chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Wahudumu wa afya wana kichupa kidogo cha kupimia: tone moja likidondoka juu ya chumvi nyeupe, palepale linageuka buluu kama kuna iodini. Likibaki lilivyo, chumvi hiyo haikufai. Usiongeze chumvi ili kuongeza iodini. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima kinatosha mtu mzima.

Na muhogo. Watafiti waliofanya kazi kisiwani Idjwi walionyesha mwaka 1971 kwamba muhogo usiotayarishwa vizuri huzuia tezi kuchukua iodini, na rovu huzidi. Muhogo mchungu uloweke siku tatu au nne, uanike ukauke kabisa ndipo usage. Sombe itwangwe na ichemke vya kutosha. Njaa isiwafanye mfupishe siku hizo.

Aliyekwisha kunywa

Acha leo. Kama moyo unakwenda mbio au mikono inatetemeka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje siku ya soko ipite. Chukua pakiti yenyewe, hata ikiwa tupu, umwonyeshe muuguzi. Rovu lenye kukaba koo au kuleta shida ya kupumua lipelekwe Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira. Usikande, usichanje, usifunge kitambaa chenye dawa.

Wajawazito waulize siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, na waje na kadi. Wengine wanapokelewa kwa masharti na malipo ya kawaida ya kituo chao. Reko, mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu, atawaeleza.