SOMO LA AFYA: MTOTO MMOJA, VIPIMO VIWILI
Jinsi kompyuta inavyohesabu makosa ya kupima



Wazazi wanaoleta watoto kupimwa lishe huuliza sana swali hili: "Mpimaji wa kwanza amesema mwanangu ana sentimita 75, wa pili amesema 74. Nani mwongo?"

Jibu ni kwamba huenda hakuna mwongo. Kila kipimo kina kosa lake, hata kikichukuliwa na mtu hodari. La muhimu ni kujua kosa hilo ni kubwa kiasi gani, kwa sababu kosa dogo linaweza kumwingiza mtoto kwenye mpango wa lishe au kumwacha nje. Somo hili ni la wazazi wote, na hasa la vijana wanaoajiriwa kupima watoto au kuingiza takwimu wakati wa uchunguzi wa lishe kambini.

1. MAKOSA NI YA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni kosa la kubahatisha. Mtoto anajitikisa, anakunja goti, mpimaji anasoma namba akiwa amesimama upande. Mara kipimo kinazidi, mara kinapungua. Ukipima mara mbili na kuchukua wastani, kosa hili hupungua.

Aina ya pili ni kosa la upande mmoja. Mizani haikurudishwa sifuri, au ubao wa urefu umewekwa kwenye ardhi yenye mteremko. Hapo watoto wote wanakosewa kwa upande uleule. Hata ukipima mara kumi, wastani utakuwa na kosa lilelile. Dawa yake ni kukagua kifaa kila asubuhi kwa kitu chenye uzito unaojulikana, kwa mfano chuma cha kilo 5.

2. MAKOSA YANAPOKUTANA

Kujua kama mtoto amekonda, tunalinganisha uzito wake na urefu wake. Jibu linaitwa alama ya Z, na hutolewa kwa viwango vya ukuaji vya WHO vya mwaka 2006. Mtoto aliye chini ya −2 ana utapiamlo. Aliye chini ya −3 ana utapiamlo mkali.

Alama hii inatoka kwenye vipimo viwili, kwa hiyo inarithi makosa ya vyote viwili. Tuchukue mtoto wa sentimita 75 hivi. Ukikosea urefu kwa sentimita 1, alama ya Z inasogea takriban 0.3. Ukikosea uzito kwa gramu 100, inasogea takriban 0.15.

Je, kosa la jumla ni 0.3 + 0.15 = 0.45? Hapana. Makosa ya kubahatisha hayaendi upande mmoja kila mara, mengine hupunguzana. Kanuni ni hii: zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwenye Excel unaandika hivi:

=SQRT(0.3^2+0.15^2)

Jibu ni 0.34 hivi. Kwa hiyo mtoto aliyepata −1.9 anaweza kweli kuwa popote kati ya −1.6 na −2.2. Yuko mpakani. Mtoto wa namna hii asirudishwe nyumbani kwa haraka: apimwe tena. Angalia pia kwamba urefu ndio ulioleta sehemu kubwa ya kosa. Ukitaka kupunguza mashaka, anza na urefu.

3. KUMPIMA MPIMAJI

Kabla ya uchunguzi wa lishe unaofuata utaratibu wa SMART, kila mpimaji hupewa mtihani. Anapima watoto 10, kila mmoja mara mbili, bila kuangalia namba za mara ya kwanza. Namba zinaingizwa kwenye programu ya kompyuta iitwayo ENA, ambayo hutolewa bure. Programu inahesabu kosa la mpimaji, na huliandika kwa herufi TEM.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa mkono. Huu ni mfano wa watoto 5 tu, urefu kwa sentimita:

Mtoto | Mara ya 1 | Mara ya 2 | Tofauti | Tofauti × tofauti
1 | 74.2 | 74.5 | 0.3 | 0.09
2 | 81.0 | 80.6 | 0.4 | 0.16
3 | 68.7 | 68.7 | 0.0 | 0.00
4 | 90.3 | 91.7 | 1.4 | 1.96
5 | 77.4 | 77.2 | 0.2 | 0.04
Jumla | | | | 2.25

Gawa jumla kwa idadi ya vipimo vyote, yaani 2 × 5 = 10. Unapata 0.225. Kipeuo chake cha pili ni 0.47. Kwenye Excel, kama mara ya kwanza iko safu ya B na mara ya pili safu ya C, andika:

=SQRT(SUMXMY2(B2:B6,C2:C6)/10)

Kwa urefu, kosa lililo chini ya sentimita 0.4 ni zuri, na kuanzia hapo hadi chini ya 0.6 linakubalika. Mpimaji wetu anakubalika, ila si hodari. Sasa tazama safu ya mwisho: mtoto wa 4 peke yake ameleta 1.96 kati ya 2.25. Hapo msimamizi anauliza: Alikuwa amevaa viatu? Visigino viliinuka? Nywele zilisukwa juu? Kompyuta imeonyesha mahali pa kutazama. Sababu inatafutwa na watu.

4. KWA NINI NI JAMBO LA KAMBI NZIMA

Wengine husema, "Makosa yanazidi na kupungua, mwishowe yanasawazishana." Kwa wastani ni kweli. Kwa idadi ya watoto wenye utapiamlo si kweli.

Tuchukue mfano wa watoto 1,000. Wastani wa alama zao za Z ni −0.5, na mtawanyiko wao halisi ni 1.0. Hesabu inaonyesha watoto 67 wako chini ya −2. Sasa wapimaji wafanye kazi ovyo hadi mtawanyiko ufike 1.2. Wastani unabaki −0.5, lakini walio chini ya −2 wanaonekana kuwa 106. Unaweza kuhakikisha kwenye Excel:

=NORMSDIST((-2+0.5)/1.0)
=NORMSDIST((-2+0.5)/1.2)

Hakuna hata mtoto mmoja aliyekonda zaidi. Lakini kambi imevuka asilimia 10, ambayo kwa viwango vya WHO na UNICEF vya 2018 ni mwanzo wa kiwango cha juu. Mwaka unaofuata wapimaji wazuri wakija, namba itashuka hadi 67, na watu watasema hali imekuwa nzuri, huenda msaada upunguzwe. Hali haikubadilika. Kilichobadilika ni upimaji.

Ndiyo maana ENA hukagua takwimu zote. Inatazama kama mtawanyiko uko kati ya 0.8 na 1.2. Inatazama pia namba za mwisho: zikijaa .0 na .5, inajulikana kwamba wapimaji walikadiria badala ya kusoma.

5. KISICHOWEZEKANA KWA KOMPYUTA

Programu haijui kwamba mizani ilikuwa imeharibika. Haijui kwamba umri ulikisiwa. Ukiingiza uongo, inahesabu uongo huo vizuri sana. Na kuna dalili zisizongoja hesabu: mtoto mwenye uvimbe wa miguu yote miwili apelekwe kituoni siku hiyohiyo, hata kama uzito wake unaonekana mzuri. Uvimbe ni maji, na maji yana uzito.

6. MZAZI, SAIDIA HIVI

– Mvue mtoto viatu, kofia na nguo nzito.
– Nywele zilizosukwa juu zifunguliwe au zitandazwe kabla ya urefu kupimwa.
– Mtoto chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Msaidie atulie, shika kichwa kama mpimaji anavyokuelekeza.
– Njoo na kadi ya kliniki ili tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli.
– Usishike mkono wa mtoto akiwa kwenye mizani.
– Una haki ya kumwomba mpimaji akusomee namba, na kumwomba apime tena ukiona mtoto alijitikisa.

Usimfanye mtoto aonekane mwepesi ukidhani utapata msaada zaidi. Namba za uongo huharibu takwimu za watoto wote, na wako akiwemo.

7. ZOEZI

Mpimaji amepima mzingo wa mkono wa watoto 5 mara mbili, kwa milimita:
128 na 126. 119 na 119. 141 na 144. 133 na 132. 124 na 126.

(a) Kosa la mpimaji ni kiasi gani?
(b) Mtoto chini ya milimita 125 ana utapiamlo. Utafanya nini na mtoto wa tano?

Majibu: (a) Tofauti ni 2, 0, 3, 1, 2. Ukizidisha kila moja kwa yenyewe unapata 4, 0, 9, 1, 4, jumla 18. Gawa kwa 10, upate 1.8. Kipeuo cha pili ni 1.3. Kwa kipimo hiki, chini ya milimita 2.0 ni vizuri. (b) Mpimaji ni mzuri, lakini mtoto yuko mpakani na vipimo viwili havikubaliani. Mpime tena, pima uzito na urefu, na mzazi aambiwe siku ya kurudi. Asiondoke bila jibu.

Kumbuka: kipimo kizuri ni kile ambacho kosa lake linajulikana. Jirani asiyejua kusoma, tafadhali msomee somo hili.