Wongofu wa Mwanamuziki: Remmy Ongala na Mac Sledge

Wengi wetu hapa Handeni na Korogwe tulimjua Remmy Ongala kwa njia ya redio. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akang'ara na Super Matimila. Hata leo kuna kituo cha Sinza kiitwacho Kwa Remmy. Miaka ya mwisho, akiwa mgonjwa, aliacha dansi akaimba Injili, hadi alipofariki Desemba 2010.

Ni rahisi kusema: nguvu zimemwishia, ndipo anamkumbuka Mungu. Maneno hayo husemwa hata parokiani, mpiga gitaa wa baa anapoomba kuingia kwaya.

Filamu ya Marekani iitwayo Tender Mercies (1983) yafaa hapa. Mac Sledge, aliyeigizwa na Robert Duvall, ni mwimbaji aliyeharibiwa na pombe. Anamwoa mjane, anabatizwa siku moja na mtoto wa kambo. Je, maisha yananyooka? Hapana. Binti yake anakufa ajalini. Akiwa bustanini anauliza kwa nini yeye aliwahi kupona ajali na binti asipone. Hajibiwi. Lakini harudi kwenye chupa.

Tukumbuke pia kwamba Remmy aliimba "Kifo" akiwa bado mtu wa dansi. Neema haikumngoja mlangoni mwa kanisa.

Basi mpiga gitaa yule akibisha hodi, paroko amwelekeze kwenye Kitubio, na mwalimu wa kwaya amtajie siku za mazoezi.