SUMAKU YA MAJIMAJI: KWA NINI CHUPA YANGU ILIKATAA

Huenda ulikuwepo maabarani siku ile ya maonyesho ya sayansi nilipoaibika. Nilikuwa nimewaahidi wanachama wenzangu kwamba nitawaonyesha kioevu kinachovutwa na sumaku. Nilizoa unga wa chuma kutoka karakana, nikauchanganya na mafuta ya kupikia ndani ya chupa, nikatikisa sana. Kisha nikaleta sumaku. Lo! Unga wote ukakimbilia ubavuni mwa chupa, mafuta yakabaki peke yake. Wale wa kidato cha kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu siku hiyo nimesoma, na sasa najua nilikosea wapi.

Wengine walinishauri eti niyeyushe chuma chenyewe. Haiwezekani, jamani! Chuma kikifika nyuzi 770 za sentigredi hupoteza ile tabia yake ya kushikwa na sumaku, ilhali huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kabla hakijawa uji, usumaku umekwisha kitambo.

Njia ni kukitia ndani ya kioevu kingine. Mwaka wa 1963 Steve Papell, mhandisi wa NASA kule Marekani, alikuwa na shida ya roketi. Angani vitu huelea, hata mafuta ndani ya tangi huelea ovyo badala ya kwenda kwenye tundu la kutokea. Papell akawaza: mafuta yenyewe yakivutika, sumaku itayaongoza. Basi akasaga magnetaiti, ambayo ni jiwe lenye chuma, ndani ya mafuta mpaka ikawa laini kupita kiasi.

Siri ya kwanza ni huo udogo. Chembe moja ina upana wa nanomita 10 hivi. Panga chembe 100,000 kwa mstari ndipo upate milimita moja! Mnakumbuka somo la mwendo wa Brown, zile chembe za moshi zinazoruka-ruka chini ya hadubini? Hapa pia molekuli za kioevu huzipiga chembe huku na huku, zikakosa nafasi ya kutuama. Unga wangu wa karakana ulikuwa mawe matupu.

Siri ya pili ni koti. Kila chembe huvikwa asidi ya oleiki, ile iliyomo katika mafuta ya zeituni. Bila koti hilo zingenasana zikawa madonge.

Sasa leta sumaku chini ya sahani. Kioevu cheusi huinuka na kuota miiba, imejipanga kama vyumba vya sega la asali! Sumaku inakivuta kiinuke, uzito unakirudisha chini, na ile ngozi ya juu ya kioevu, ambayo kwenye maji humbeba mdudu, inakataa kupasuka. Miiba ndiyo mapatano yao. Ondoa sumaku, miiba inalala mara moja na kioevu hakibaki na usumaku wowote. Ila chunga shati la shule. Doa lake ni gumu mno kutoka.

Kazi zake nyingi ziko hapa hapa duniani. Ndani ya spika kuna koili inayotetemeka na kupata moto. Kioevu hiki hutiwa katika upenyo unaoizunguka, kikachukua joto na kulipeleka kwenye chuma cha nje. Nani anakizuia kisimwagike? Sumaku ya spika yenyewe! Vilevile, mhimili unaozunguka ukihitaji kuzibwa ili hewa au vumbi lisipite, pete ya kioevu hiki hushikiliwa hapo na sumaku. Haisuguani kama mpira, kwa hivyo hailiki upesi. Diski za kompyuta zilizibwa hivyo kwa miaka mingi.

Halafu nikagundua jambo lililonifariji kidogo. Kuna ndugu yake mwenye chembe kubwa zaidi, aliyebuniwa na Jacob Rabinow, Marekani pia, katika miaka ya 1940. Huyu akikaribia sumaku huwa mzito kama ugali, akiachwa hulegea. Hutumika katika shoki za magari mengine, ambapo umeme hubadilisha ugumu wake gari likiwa linakwenda. Kumbe chupa yangu ilielekea kwa huyo ndugu! Iko bado dirishani mwa maabara, unga chini, mafuta juu. Ukipita, itikise kwanza ndipo ulete sumaku.