Kipimo cha uboho: Namna ya kupunguza madhara

Wiki hii tuzungumzie kipimo kinachoogopwa na wengi, nacho ni kuvuta uboho kwa sindano. Kwetu Ngara na Biharamulo, mtu akipungukiwa damu kwanza hudhaniwa ana malaria au minyoo. Akishatibiwa na damu ikaendelea kupungua, daktari hutaka kukiona kiwanda chenyewe cha damu, yaani uboho ulio ndani ya mifupa. Hapo ndipo mgonjwa wa Kabanga hupewa rufaa, mathalani kwenda Bugando, Mwanza.

Wengine hukataa kwa kusikia kwamba "sindano ya mgongo inapoozesha". Sindano hii haiingii kwenye uti wa mgongo. Huchomwa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, juu ya kalio. Anayekikimbia kipimo huenda anachelewesha kugunduliwa kwa saratani ya damu, na maradhi hayo hayasubiri.

Je, hakina madhara? Yapo, lakini ni nadra. Nchini Uingereza, katika vipimo takriban 54,890 vya uboho vilivyofanywa kati ya mwaka 1995 na 2001, waliripotiwa wagonjwa 26 waliopata madhara. Kati yao 14 walivuja damu, na mmoja akafariki. Kwa hiyo jambo kubwa la kuchunga ni kuvuja damu, na mgonjwa mwenyewe anaweza kusaidia sana.

Kabla ya kipimo
Mweleze daktari dawa zote unazotumia: aspirini, wafarini, dawa za maumivu, hata za miti shamba. Baadhi huzuia damu kuganda. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa uamuzi wako; daktari ndiye atakayeamua. Sema pia kama huwa unatoka damu muda mrefu ukijikata au uking'olewa jino, au kama dawa ya ganzi iliwahi kukudhuru.

Wakati wa kipimo
Ngozi husafishwa kwa dawa, kisha hupigwa ganzi. Ganzi haifiki ndani ya mfupa, hivyo uboho unapovutwa utasikia maumivu makali ya sekunde chache. Vumilia bila kujitikisa. Wakati mwingine mtu mzima huchomwa kwenye mfupa wa kifua, lakini mtoto hachomwi hapo, kwa kuwa mfupa ni mwembamba na moyo uko nyuma yake.

Baada ya kipimo
Lala chali dakika 10 hadi 15 ili uzito wa mwili ukandamize kidonda. Kisilowe kwa saa 24; kutawadha hakuna tatizo, maji ya udhu hayafiki hapo. Usibebe ndoo wala mkungu wa ndizi kwa siku mbili tatu. Ukiumwa tumia parasetamoli, si aspirini.

Safari ya basi kurudi Kabanga kupitia Geita na Lusahunga ni ndefu. Ikiwezekana lala Mwanza usiku huo, karibu na waliokupima. Damu yaweza kuvujia ndani pasipo kuonekana nje. Bandeji ikilowa damu, kalio likivimba, maumivu yakizidi badala ya kupungua, mguu ukifa ganzi, au ukipata homa, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali iliyo karibu, na ukiwa umeshafika nyumbani, wahi Murgwanza au Rulenge, uwaambie umetoka kupimwa uboho.