Tone Halisemi Linakotoka: Somo la Kutafuta Uvujaji kwenye Subaru Impreza

Ukipita kwenye maegesho ya vyuo vyetu, kuanzia Njiro hadi Tengeru na Usa River, angalia chini kabla hujaangalia magari. Utaona madoa. Moja jeusi, jingine jekundu, jingine la kijani. Wapo wenye magari walioyazoea: "Aah, inavuja kidogo tu, haina shida." Wapo wanaoyaogopa mno, wanakimbilia gereji, na gia boksi inashushwa kabla mtu yeyote hajajua kinachovuja ni nini. Somo hili ni la wote wawili, na hata la wewe ambaye huna gari, unaendesha la mjomba wikiendi tu.

Tutatumia mfano wa Subaru Impreza WRX, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni gari la mwendo kasi ambalo Afrika Mashariki inalijua. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000. Mashindano hayo yalianza 1953, na njia yake ya kwanza ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo vumbi la huku kwetu limo kwenye historia yake. Ya pili, na ndiyo muhimu zaidi leo, injini ya Impreza imekaa kwa namna inayomdanganya anayetafuta uvujaji kwa haraka.

Kanuni ya somo zima ni hii: tone huanguka kutoka sehemu iliyo chini kabisa, lakini chanzo chake kiko kwenye sehemu yenye unyevu iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Kimiminika kinashuka kwa uzito wake, na upepo wa gari likiwa kwenye mwendo unakisukuma nyuma. Ukibadilisha kifaa kilichopo pale tone linapodondokea, mara nyingi utakuwa umebadilisha kifaa kizima na kuacha kibovu.

Hatua ya 1: Jua ni kimiminika gani

Egesha gari sehemu tambarare. Mji wetu uko kwenye miteremko ya Meru, na gari likilala pameinama, tone linahamia upande mwingine kabisa. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, na chora alama zinapokaa tairi za mbele ili ujue doa liko chini ya sehemu ipi. Asubuhi soma boksi lako.

Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, inateleza, na haina harufu kali. Oili ya gia ni nzito zaidi na inanuka kama yai viza. Oili ya usukani, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, kwa kawaida ni nyekundu. Kulanti ni ya kijani, bluu au pinki, ina harufu tamutamu, na ikikauka huacha unga kama chumvi. Mafuta ya breki ni meupe au ya manjano hafifu, yanateleza, na yanababua rangi ya gari. Impreza WRX ya gia za mkono hutumia mafuta hayohayo kwenye klachi. Petroli utaijua kwa pua. Hapo usiwashe gari hata kidogo. Na kama ni maji safi yasiyo na harufu baada ya kuwasha AC siku ya joto, huo si ubovu, ni jasho la AC.

Hatua ya 2: Elewa injini inavyokudanganya

Kwenye injini nyingi silinda zimesimama wima. Kwenye Impreza silinda nne zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni zinazotazamana zinatoka na kurudi kwa pamoja kama ngumi za mabondia. Faida yake ni kwamba uzito unakaa chini na gari linashika kona vizuri. Hasara yake ni kwamba tapeti kava, ambayo kwenye gari jingine ingekuwa juu na kuonekana ukifungua boneti, hapa iko pembeni na ukingo wake wa chini unazama kwenye oili muda wote. Gasketi yake ikikakamaa kwa joto na umri, oili haina pa kwenda isipokuwa nje.

Na chini yake kuna nini? Mabomba ya ekzosi. Ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi siyo doa, ni harufu. Unapanda kutoka mjini kuelekea Sakina na Ngaramtoni, gari linavuta vizuri. Unasimama kwenye mataa, upepo unakata, na harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani. Usifungue dirisha ukasema yameisha. Oili ikidondokea ekzosi iliyoiva inaweza kuwaka moto, na WRX ina tabo nyuma kulia mwa injini, sehemu yenye joto kuliko zote.

Oili hiyo inayotoka kwenye tapeti kava, au kwenye mpira wa kurudisha oili chini ya tabo, husukumwa nyuma hadi pale injini inapoungana na gia boksi, kisha inadondoka hapo. Anayeangalia tone tu atasema: "Hii ni sili ya krenki ya nyuma." Inawezekana kweli, lakini kuifikia sili hiyo ni lazima ushushe gia boksi au uitoe injini. Gasketi ya tapeti kava inabadilishwa injini ikiwa mahali pake. Tofauti ya kazi hizo mbili kwa mwanachuo anaweza kuwa ada ya muhula.

Hatua ya 3: Osha, kausha, endesha, angalia

Vumbi la Arusha linashikana na oili na kufanya tope gumu. Ukilitazama hujui kama ni uvujaji wa wiki hii au wa mwenye gari aliyetangulia. Kwa hiyo anza kwa kufuta ushahidi wa zamani. Injini ikiwa baridi, funika alteneta na koili za plagi kwa mifuko ya nailoni, paka sabuni ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yasiyo na presha kubwa, kausha. Kuosha injini kwa petroli ni kutafuta msiba.

Ikishakauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maeneo unayoyashuku: kingo za tapeti kava, chini ya tabo, maungio ya mbele yenye kava la taiming belti. Endesha dakika kumi, rudi, zima, subiri ipoe kidogo, kisha ingia na tochi. Gari likipandishwa kwa jeki, liweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Poda nyeupe itakuwa imechora mstari mweusi. Ufuate kwenda juu na mbele hadi unapoanzia.

Kama uvujaji ni mdogo sana, ipo rangi maalumu ya kuchanganya na oili, ambayo hung'aa kwenye mwanga wa urujuanimno. Tochi yake ni ya aina ileile inayotumika madukani kukagua noti bandia.

Hatua ya 4: Uliza chanzo cha chanzo

Hapa ndipo wengi wanaishia njiani. Umekuta gasketi inavuja, umebadilisha, baada ya miezi miwili inavuja tena. Lawama zinaangukia spea "feki". Huenda ni kweli, lakini kagua kwanza pumzi ya injini. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye sehemu ya oili, na kuna valvu ndogo inayoitoa na kuirudisha ikaungue. Valvu hiyo ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu.

Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa silensa, fungua kifuniko cha kuwekea oili na laza karatasi nyepesi ya nailoni juu ya tundu, huku ukiishika isimezwe. Ikivutwa ndani kidogo, pumzi iko sawa. Ikituna kama puto, kuna kazi ya kufanya kabla hujanunua gasketi yoyote.

Kulanti na mwinuko wetu

Usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, na maji huchemka karibu nyuzi 95. Kifuniko cha rejeta kinatuokoa, kwa sababu kinabana presha na kusogeza mchemko hadi kupita nyuzi 110. Sasa fikiria mpira wenye ufa mdogo. Presha haijengeki, na kulanti inachemka kwenye joto ambalo kwenye magari mengi ndipo feni inaanza tu kuwaka. Gari ambalo Dar lingefika nyumbani, huku "inachemsha" kabla ya Tengeru. Na silinda hedi za aluminiamu zikipata joto kupita kiasi zinapinda.

Kulanti hutafutwa kwa pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi. Unajaza presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, unasubiri dakika kumi na tano. Mshale ukishuka, tafuta panapotoka. Ukishuka na nje hakuna unyevu, angalia ndani: oili iliyogeuka rangi ya maziwa, moshi mweupe usiokoma, au mapovu kwenye tanki. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya mtihani.

Kuziba: mfano wa gasketi ya tapeti kava

Acha injini ipoe kabisa, toa waya wa betri, ondoa vitu vinavyoziba njia: upande mmoja boksi la hewa, upande wa pili betri na tanki la maji ya wipa. Toa koili, kisha bolti za kava. Nunua gasketi pamoja na sili za matundu ya plagi, maana hizo nazo zikivuja oili hujaa kwenye plagi na gari linakosa misi. Safisha nyuso zote mbili kwa kipande cha plastiki au mti. Bisibisi inakwaruza aluminiamu, na mkwaruzo ni mfereji mpya.

Silikoni iwekwe kwenye pembe tu, pale vipande vya chuma vinapokutana, na kwenye ile sili yenye umbo la nusu mwezi kama gari lako linayo. Ukipaka gasketi nzima, ziada inadondokea ndani, inafika kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Kaza bolti kidogokidogo kwa zamu, ukianzia katikati. Nguvu inayotakiwa ni ndogo, chini ya 10 Nm. Soma kitabu cha gari lako. Subiri silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, kisha rudia Hatua ya 3. Kazi haijaisha mpaka poda ibaki nyeupe.

Lini usubiri, lini usiendeshe

Tufanye hesabu. Matone 20 ni kama mililita moja. Tone moja kila dakika, usiku na mchana, ni matone 1,440, yaani mililita 72 kwa siku na zaidi ya lita 2 kwa mwezi. Injini ya WRX inabeba lita 4 na kitu, kwa hiyo nusu imekwenda. Matone mawili kila usiku ni mililita 3 tu kwa mwezi. Lakini doa la kwenye maegesho halihesabu kilichodondoka barabarani. Hesabu ya kweli iko kwenye dipstiki: pima kila wiki, sehemu tambarare, andika.

Basi, unyevu kwenye kava na dipstiki haishuki: safisha, fuatilia. Oili inagusa ekzosi, au kulanti inapungua: tengeneza wiki hii. Petroli inavuja, au pedali ya breki inazama: gari halitembei, hata "mpaka hapo gereji". Liite fundi lilipo.

Kuongea na fundi

Mafundi wa Unga Limited na kwingineko wana mikono iliyozoea, na hakuna makala inayochukua nafasi yao. Lakini fundi anafanya kazi kwa taarifa unayompa. Ukifika na kusema "inavuja", umemwachia kubahatisha. Ukisema, "Shikamoo fundi. Ni oili ya injini, inaanzia kona ya nyuma ya kava la kulia, nimeosha na kuweka poda, picha hii hapa. Tuangalie pamoja kabla hatujashusha kitu," umempa pa kuanzia, na umelinda mfuko wako bila kumvunjia heshima.

Na oili iliyotolewa? Iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, apewe anayekusanya. Ikimwagwa mtaroni, mvua inaipeleka mto Themi, Themi unaingia Kikuletwa, na Kikuletwa unakwenda Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki.

Jipime

1. Boksi lako lina doa jekundu mbele kushoto. Utaanza kukagua mfumo gani?
2. Gasketi mpya imevuja baada ya miezi miwili. Kipimo gani ufanye kabla ya kununua nyingine?
3. Tone liko chini ya gia boksi. Taja sehemu tatu za kukagua kabla ya kukubali gia boksi ishushwe.